Zulia la Nyumbani: Uliza Kwanza, Mita Ipi?

Mahindi yakisha kuvunwa na kuuzwa, watu wengi wa Ndalu hushika njia ya Kitale au Bungoma kutafuta vitu vya kupamba nyumba. Kimojawapo ni zulia, la manyoya au la mpira, la kutandika juu ya sakafu ya saruji. Jambo hili ni jema, lakini yafaa wasomaji wetu wajue jinsi zulia linavyopimwa, maana fedha ya jasho hupotea hapo.

Zulia huuzwa kutoka katika jora, na kila jora lina upana wake, kama vile mita 2, 3 au 4. Mwenye duka akisema, kwa mfano, "Mita moja shilingi 600," imekupasa kumwuliza, "Mita ipi, bwana?" Ikiwa ni mita ya urefu, jora la upana wa mita 2 litakupa mita za mraba 2 kwa bei hiyo. Ikiwa ni mita ya mraba, utapata nusu yake tu.

Natuchukue sebule yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 na nusu. Eneo lake ni mita za mraba 14. Katika jora lile utakata vipande 2 vya mita 3 na nusu, jumla mita 7. Kwa mita ya urefu utalipa shilingi 4,200; kwa mita ya mraba, shilingi 8,400. Neno ni lile lile, gharama ni maradufu.

Tena angalia upande wa kutandika. Vipande hivyo vikifuata urefu wa chumba, utanunua mita 8, na ukanda wa nusu mita utakatwa bure.

Wengine husema, "Chumba changu ni kumi kwa kumi," yaani futi. Futi 10 ni karibu mita 3 na sentimita 5. Basi zulia la upana wa mita 3 halitafika ukutani. Usipime kwa hatua. Tumia utepe, upime kila upande mahali pawili, kwa kuwa kuta nyingi hazikunyoka, kisha ushike kipimo kilicho kikubwa. Ongeza sentimita 10 katika urefu wa kila kipande kwa ajili ya kusawazisha kingo. Nunua vyote siku moja, kwa sababu rangi ya jora jingine huenda isilingane.

Sheria ya Mizani na Vipimo ya Kenya, Sura ya 513, hukataza kumpunja mnunuzi kipimo. Kwa hiyo zulia lipimwe mbele ya macho yako, na stakabadhi ionyeshe urefu, upana na bei. Hesabu zako ziandike nyumbani kabla ya kusafiri. Wazee walinena kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.