Mafuta ya Karai: Yasiishie Mtaroni Wala Matumboni



Jikoni mwetu, baada ya sambusa, bajia na viazi vya karai, hubaki mafuta yaliyogeuka rangi. Wengi huyamwaga. Yakipoa huganda, hushikana na mabaki ya chakula, huziba bomba, na maji machafu hufurika mlangoni kwa jirani. Aliyefunzwa kuondoa udhia njiani, vipi atautia kwa mkono wake?

Wapo pia wanaoyauza kwa mtu asiyesema ayapelekapo. Hapa hatari ni kubwa zaidi, kwani mafuta yaliyochemka mara nyingi huweza kurudi karaini kwa mwingine, yakaishia tumboni mwa mtoto asiye wetu. Tusichokubali kuwalisha wanetu, tusikubali kiliwe na wana wa wenzetu. Muulizeni mnunuzi, akishindwa kujibu, msimuuzie.

Ipo njia ya heri. Wazee wetu waliwasha taa kwa mafuta ya nazi na ya ufuta. Na mwaka 1900, katika Maonyesho ya Paris, ilionyeshwa injini ya dizeli ikienda kwa mafuta ya njugu nyasa. Leo, viwandani, mafuta yaliyotumika huchujwa, huondolewa maji, kisha huchanganywa na methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, pamoja na kostiki soda kidogo. Gliserini, iliyo nzito, hutuama chini; juu hubaki dizeli ya mimea, ya kuendeshea magari na jenereta.

Kazi hiyo si ya nyumbani. Mvuke wa methanoli ni sumu na huwaka upesi. Kostiki soda huunguza ngozi na macho. Ya nyumbani ni kuhifadhi: yaacheni yapoe, yachujeni kwa kitambaa, yatieni katika dumu kavu lenye kifuniko, mbali na moto na watoto, na muandike juu yake kuwa si ya kula. Maji yasiingie, kwani huyaharibu. Nyumba moja haijazi dumu upesi. Basi majirani wakusanye pamoja, na wamtafute mnunuzi ajulikanaye kuwa hutengeneza dizeli.

Lakini lililo bora zaidi ni kutotia karaini zaidi ya haja. Israfu haiwi halali kwa kuwa mnunuzi amepatikana.

Wabillahi tawfiq.