Stesheni ya Mombo na Njia ya Tanga: Treni Imerejea, Majengo Yanasubiri Ulinzi

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliwasili tena Moshi, baada ya njia hiyo kukaa kimya tangu miaka ya 1990. Oktoba 2020 safari zikafika Arusha. Kwa wakazi wa miji midogo iliyo kandokando ya njia, kama vile Korogwe, Mombo na Same, honi ya treni ilimaanisha kurejea kwa nauli nafuu, kwa biashara ndogondogo za stesheni na kwa usafiri wa mizigo isiyobebeka kwa basi. Hata hivyo, kurejea kwa treni kumeibua suala jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni hatima ya majengo ya kale ya stesheni zenyewe.

Mombo ni mfano mzuri wa suala hilo. Mji huu wa Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, uko chini ya safu ya milima ya Usambara, mahali inapoanzia barabara ya kupanda Lushoto. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, mwaka uleule ambao Dkt. Richard Hindorf aliingiza nchini mkonge kutoka Florida, Marekani, na ikabaki miche 62 tu iliyo hai. Mazao mawili hayo ya historia, reli na mkonge, yalikua pamoja. Kampuni binafsi ya Kijerumani iliyoanza ujenzi ilishindwa kifedha, na mwaka 1899 Serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua kazi hiyo. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, umbali wa kilomita 129 kutoka Tanga, na hatimaye Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352. Tuta, mataruma na madaraja hayo yalijengwa kwa nguvu na jasho la Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa popote kwenye majengo yaliyobaki.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliipitia Mombo moja kwa moja. Majeshi ya Kijerumani yalitandika reli nyembamba ya matoroli kati ya Mombo na Handeni, na mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yakauteka mji huo. Baada ya vita, Waingereza waliendeleza njia hadi Arusha mwaka 1929. Tanganyika ilipopata Uhuru, njia ya Tanga ilikuwa bado haijaunganishwa na Reli ya Kati. Kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi kilikamilika mwaka 1963. Kwa hiyo, abiria anayepanda treni Dar es Salaam leo na kushuka Mombo anasafiri kwa njia iliyounganishwa na Taifa huru.

Ni nani basi anayewajibika kuyalinda majengo haya? Jibu linaanzia kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua moja kwa moja kuwa kumbukumbu ya kale jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Stesheni kongwe kuliko zote za njia ya Tanga imejengwa miongo mitatu baada ya mwaka huo. Maana yake ni kwamba stesheni ya reli, hata ikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja, hailindwi kwa sababu ya umri wake pekee. Inahitaji tangazo mahsusi la Waziri mwenye dhamana, sheria hiyo ikimpa mamlaka ya kutangaza jengo au eneo lenye thamani ya kihistoria. Pasipo tangazo hilo, jengo hubaki kuwa mali ya kawaida ya uendeshaji wa reli, inayoweza kukarabatiwa, kubadilishwa au kubomolewa kwa kuzingatia mahitaji ya kazi pekee.

Suala hili lina uharaka wake. Reli ya kisasa ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kisha hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huo, ikiwa na stesheni zake mpya. Mpango wa Taifa unahusisha pia njia ya SGR kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma. Wakati wa kuamua ni stesheni zipi za kale zihifadhiwe, na kwa matumizi gani, ni kabla ya ujenzi huo kuanza. Baada ya greda kupita, uamuzi utakuwa umekwishafanywa bila kujadiliwa.

Uhifadhi wenyewe una masharti yake ya kitaalamu. Ukuta wa kale uliojengwa kwa chokaa hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huanza kumomonyoka. Ukarabati wa haraka kabla ya ziara ya kiongozi unaweza kuliharibu jengo kuliko miaka ishirini ya kutelekezwa. Muhimu vilevile ni matumizi. Jengo lenye tiketi, ofisi ya mkuu wa stesheni, chumba cha kungojea na kona ya historia hutunzwa kwa sababu linahitajika kila siku. Mjini Tanga, Boma la kale limekuwa makumbusho ya Urithi, jambo linalothibitisha kuwa majengo ya enzi hiyo yanaweza kupewa maisha mapya bila kupoteza sura yake.

Zipo hoja za upande wa pili, nazo ni za kweli. Fedha za umma zina vipaumbele vingi, na mwananchi wa Mombo anahitaji kwanza treni inayofika kwa wakati. Aidha, wapo wanaohoji kwa nini kumbukumbu ya utawala wa kikoloni igharimiwe. Lakini kutangaza jengo kuwa la kihistoria hakuhitaji bajeti ya ujenzi. Kunahitaji tathmini, orodha na sahihi. Na historia inayolindwa pale ni ya wajenzi, makuli, madereva na abiria wa Kitanzania, kuliko ilivyo ya watawala walioondoka.

Wananchi nao wana wajibu. Kuheshimu mipaka ya hifadhi ya reli, kutong'oa vyuma na mataruma, na kuwasilisha picha na kumbukumbu za wazee waliofanya kazi relini kwa halmashauri zao ni hatua zinazowezekana leo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na orodha ya stesheni za kale za njia ya Tanga ndiyo daftari la kuanzia.