GQL

GQL ni lugha ya kompyuta inayotumika kuulizia habari zilizomo katika hifadhidata za grafu. Ilitolewa kama kiwango cha kimataifa na mashirika ya ISO na IEC mwezi Aprili 2024, kwa namba ISO/IEC 39075. Ni lugha mpya ya kwanza ya hifadhidata kupewa kiwango na ISO tangu SQL mwaka 1987.

Hifadhidata ya grafu

Hifadhidata ya kawaida hupanga habari katika majedwali. Hifadhidata ya grafu huhifadhi vitu kama nukta, na uhusiano wao kama mistari inayoziunganisha. Mtu ni nukta, kampuni ni nukta nyingine, na umiliki ni mstari kati yao. Programu za kuchora grafu huonyesha mtandao huo kwenye skrini.

Faida yake ilionekana mwaka 2016 katika Panama Papers. Muungano wa waandishi wa habari za uchunguzi, ICIJ, ulichambua nyaraka milioni 11.5 za ofisi ya mawakili Mossack Fonseca. Uhusiano wa kampuni na wamiliki uliwekwa katika hifadhidata ya Neo4j, ukachorwa kwa programu ya Linkurious kutoka Ufaransa. Hivyo hata mwandishi asiyejua lugha za kompyuta aliweza kufuata njia kutoka kampuni hadi mwenye kampuni.

Tatizo la lugha nyingi

Neo4j ilikuwa na lugha yake, Cypher. Hifadhidata nyingine zilitumia Gremlin, au SPARQL iliyopitishwa na W3C mwaka 2008. Aliyetaka kuhama alilazimika kuandika maswali yake upya. Kwa hiyo taasisi nyingi zilibaki zimefungwa kwa muuzaji mmoja.

GQL imerithi mengi kutoka Cypher. Swali huandikwa kama mchoro:

(m:Mtu)-[:ANAMILIKI]->(k:Kampuni)

Programu ya kuchora inayoelewa GQL inaweza kutumika kwa urahisi zaidi na hifadhidata mbalimbali zinazofuata kiwango hicho.

Mipaka

Kiwango hakimlazimishi mtengenezaji, na baadhi ya sehemu zake ni za hiari. SQL yenyewe ina lahaja nyingi hadi leo, ingawa ina kiwango cha ISO tangu 1987. Kwa hiyo tangazo kwamba programu fulani "inakubali GQL" halitoshi: mnunuzi anapaswa kujua ni sehemu zipi inazozikubali, kisha ajaribu maswali yake mwenyewe kabla ya kuhamisha data.