MAJUMA MAWILI YA BABA



Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa baba aliyepata mtoto majuma mawili ya likizo kwa mshahara kamili, naye mama miezi mitatu. Chini ya sheria ya 1976 mama alipata miezi miwili tu, tena akapoteza likizo yake ya mwaka. Lakini twaona wenzetu hawaiombi haki hii, kwa kumwogopa msimamizi au kuchekwa karakanani. Wengine huichukua, kisha kila jioni wako kiwanjani na timu. Mpira hatuukatai, sisi wenyewe twaucheza. Na kina mama waliokuwa wakicheza netiboli kabla ya kuzaa, wamerudi wangapi?

Haya si ya kwetu tu. Uswidi mwaka 1974 iliwapa wazazi likizo ya kugawana, na hesabu ikaonyesha kuwa wanaume waliwaachia wake zao karibu siku zote. Mwaka 1995 mwezi mmoja ukatengwa kwa kila mzazi, asipoutumia, wapotea. Ndipo akina baba wengi wakaanza kukaa nyumbani.

Mwanachama atakayenyimwa majuma yake, na aandike barua, abaki na nakala, amletee katibu wa tawi.