Fikira za Sokoni na Fikira za Kimya

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya zile dakika kumi za kimya tunazokaa kanisani kila asubuhi kabla ya masomo. Baadhi ya wenzangu wa darasa la mwisho wasema ziondolewe, tupate kujisomea kwa ajili ya mtihani wa taifa. Wauliza: "Kichwa si kile kile? Mtu akiwaza darasani au akiwaza kanisani, pana tofauti gani?" Mimi naona tofauti ipo, tena ni kubwa.

Kwanza tutazame fikira zetu za kila siku. Hizo ni kama soko la hapa mpakani: kila mmoja apita na mzigo wake, wala hapana asimamaye. Napiga hesabu, mara nakumbuka chakula; chakula sijakimaliza, nawaza maneno niliyoambiwa jana na jibu ambalo ningalitoa. Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitangaza habari za watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, katikati ya shughuli zao, wanawaza nini. Karibu mara 47 katika kila mara 100 mawazo yao yalikuwa mbali na jambo walilokuwa wakilifanya. Na yalipokuwa mbali, furaha yao ilikuwa ndogo zaidi.

Wengi hudhani kutafakari ni kukifanya kichwa kiwe kitupu. Sivyo. Fikira huja kimyani kama zijavyo sokoni. Tofauti ni kwamba sokoni fikira hunichukua nikaenda nayo. Kimyani naiona ikija, naitambua kuwa ni fikira tu, kisha narudi kwenye neno nililolichagua. Ikija tena, narudi tena. Kazi yote ni huko kurudi. Mtakatifu Ignatius wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilikubaliwa na Papa mwaka 1548, aliwafundisha watu kuchungua fikira yatoka wapi na yaelekea wapi.

Sisi wa Rubavu tuna mfano mbele ya macho. Ziwa Kivu lina kina cha karibu meta 480. Upepo huvuruga maji ya juu tu. Ya chini hayachanganyiki nayo, na humo mna gesi nyingi. Gesi hiyo ikivutwa kwa uangalifu hutoa umeme, lakini ikifumka yenyewe ni hatari. Ndani ya mtu ni vivyo hivyo. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, nilikuwa mtoto bado, na ardhi ilitetemeka siku kadhaa. Nilipoanza kukaa kimya hapa shuleni, hofu ile ndiyo iliyotangulia kupanda. Nilimweleza padre mlezi wetu, naye akanisaidia. Kwa hiyo sisemi kwamba kimya ni kitamu siku zote, na anayezidiwa asione haya kumwendea mkubwa wake.

Sasa nieleze jambo lililonifundisha. Muhula uliopita nilipotelewa na faranga 5,000. Mara moja nilimdhania mwenzangu mmoja wa bwenini, ambaye jamaa zake wakaa ng'ambo, Goma. Siku mbili nilijenga kesi kichwani: jinsi alivyonitazama, jinsi alivyonunua sabuni mpya. Niliwanong'oneza wenzangu wawili, na nikakusudia kwenda kwa mwalimu wa zamu. Asubuhi ya siku ya tatu, kanisani, fikira ile ikaja: "Yule ni mwizi." Kwa mara ya kwanza sikwenda nayo. Nikaiuliza: "Umeona nini?" Haikuwa na jibu, ila kwamba yule ni maskini na watu wake ni wa ng'ambo. Niliona aibu. Sikwenda kwa mwalimu, na wale wawili niliwaendea kufuta maneno yangu. Baada ya juma moja nilizikuta fedha katika kitabu changu cha fizikia.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa karibu kumlea mjukuu huyo. Kama ningalikwenda kwa mwalimu, mwenzangu angaliitwa mwizi mbele ya shule nzima, na jina hilo halifutiki upesi. Angalieni pia kwamba fikira zangu za sokoni hazikuwa za kipumbavu. Zilikuwa na akili nyingi, lakini akili yote ilikuwa wakili wangu mimi. Kimyani wakili alinyamaza kidogo, hakimu akapata kusema.

Basi, wenzangu, dakika kumi hazitamfaulisha mtu ambaye hakusoma jioni. Lakini zaweza kumzuia asimdhulumu ndugu yake. Mimi nasema zibaki.

Wenu, mwanafunzi wa darasa la mwisho.