Moyo wa Kazi Hauamriwi

Mgeni apandaye Lushoto hafiki bila kusimama Irente, juu ya genge, akatazama Mazinde na nyika iliyo chini. Kisha hutaka chakula, na anayempelekea ni kijana. Hapo ndipo wenye mikahawa huanza kilio chao: vijana wa leo hawana moyo wa kazi!

Sisi twauliza: mkataba wa kijana huyo uko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetamka wazi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma. Ziada hulipwa mara moja na nusu. Sahani ikivunjika, mshahara haukatwi pasipo kumsikiliza mfanyakazi na kupata ridhaa yake ya maandishi. Anayevunja hayo hana haki ya kudai uaminifu.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulilaani dharau za viongozi. Haukupita muda mrefu, wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam wakawafungia nje mameneja waliowanyanyasa. Somo hilo halijachakaa: dharau haizai utii.

Kijana naye asijidanganye. Kuchelewa kazini na kumnunia mgeni si kudai haki. Haki hudaiwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Ndugu walimu, wafundisheni vijana sheria hii kabla hawajamaliza shule. Ndugu maofisa kazi, ingieni jikoni mkague mikataba, msiishie mezani kwa wageni.