KIKI YA KUOKOA MBWA: KIFAFA KIMEMSHIKA, STAA KAINGIA MITINI

Leo nimekuja na povu, na hilo neno nalitumia kwa maana zake zote mbili. Mtanielewa huko mbele.

Kuna dada mmoja wa hapa hapa mjini, jina kapuni. Mnaomfuata mnamjua kwa mawigi na zile picha za juu ya mawe ya Ziwa Singidani jua likizama. Miezi mitano na ushee iliyopita alimuokota mbwa jike maeneo ya stendi ya Misuna, kakonda, sikio limechanika. Akarekodi. Machozi, muziki wa huzuni, shampuu, utepe wa pinki shingoni. Akampa jina Queen. Laiki zikamiminika mpaka kurasa za Dar zikamposti. Hata mimi nililaiki, sijifichi.

Wiki ya tatu mbwa akaanguka. Miguu inapiga kama anaogelea, macho yamegeuka, mkojo umemtoka, mdomoni povu. Video ya hiyo siku hamkuiona eeh? Kilichofuata, kijana wa bajaji alipewa hela akamtupe mbali. Kijana roho ikamsuta, na kwa kuwa anajua nafuga mbwa, akamleta kwangu Mandewa. Sa hivi anaitwa Tausi.

Nikamuuliza dada inbox, kulikoni? Akanijibu kwa neno moja: "Kichaa." Halafu akaniblock.

Haya, tuongelee kichaa. Kichaa cha mbwa sio utani. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, 99 wanakipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza ni kifo, kupona ni kama hakuna. Kwa hiyo usije ukasoma hapa ukaenda kumpapasa mbwa wa mtaani anayetoa povu ili uonekane shujaa. Mimi mwenyewe nilimfungia peke yake, mdomo wake sikuugusa, nikamwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha hospitali ukachome sindano. Usisubiri uone kama mbwa atakufa.

Ila mbwa wa kichaa akishaonyesha dalili, kwa kawaida hata wiki mbili hamalizi. Tausi yuko kwangu mwezi wa tano huu. Yeye anaanguka dakika moja, mbili, anaamka kachanganyikiwa, anajigonga ukutani, baadaye anakuja kuomba ugali. Daktari alimcheki, akauliza kama kala sumu, akamwangalia kwa siku kadhaa, ndo akasema hiki ni kifafa. Ndiyo, mbwa anapata kifafa kama mtu.

Sasa dada yangu, hapo ndo nakubana. Kama kweli uliamini ni kichaa, maana yake ulimpakiza kijana wa watu na kichaa kwenye bajaji moja, kisha ukaagiza kimwagwe kwenye mtaa wenye watoto wa wenzio. Kama hukuamini, ulidanganya. Chagua moja.

Najua wapo ambao kwa imani zao mbwa hawamgusi. Hao siwasemi. Hao hawakumuokota wala hawakumfunga utepe.

Kuokoa mbwa sio ile video. Kuokoa ni kidonge saa moja asubuhi na kidonge saa moja usiku, Krismasi, Idi, siku ya mechi, siku ya harusi ya rafiki yako. Kipimo anapanga daktari, sio wewe, na hukatishi ghafla kwa sababu umeona kapata nafuu, maana degedege linaweza kurudi kwa hasira. Dawa yenyewe inamtia njaa na kiu. Tausi anakunywa maji kama ng'ombe na ameshaniibia dagaa mara mbili. Akianguka, naangalia saa, nasogeza viti na jiko la mkaa, nazima muziki, naandika kwenye daftari. Siweki mkono wala kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, hiyo ni dharura, namkimbiza kwa daktari. Hakuna hata kimoja hapo kinachopendeza kwenye kamera.

Halafu kuna wajuaji: "Watu wanakosa dawa, wewe unamnunulia mbwa!" Dawa yenyewe ni fenobabitoni, ambayo wanakunywa watu pia. Na mimi naijua kabla ya Tausi.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ana kifafa. Tukiwa wadogo kijijini aliangukia moto jikoni. Watu wazima walikuwepo. Walisimama, kwa sababu waliambiwa povu lake likikugusa na wewe unaambukizwa. Aliyemtoa ni bibi, kachelewa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto hana mpaka leo.

Sio Singida tu. Kule Mahenge, Morogoro, mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke wa Kinorwei, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa. Alikuta wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu ya moto, ndugu wanaogopa kuwashika. Akawapa hiyo hiyo fenobabitoni, na wengi degedege zikapungua. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado kuna mtu mwenye simu kali na bando la mwezi anakimbia povu. Kifafa hakiambukizi, jamani. Sio kwa mate, sio kwa kikombe, sio kwa kumshika mtu asiangukie moto.

Kwa hiyo mkiniambia "ni mbwa tu", nakumbuka wale waliosimama jikoni. Kaka yangu ndiye anayempa Tausi kidonge nikisafiri. Hajawahi kusahau hata siku moja, maana na yeye anakunywa chake saa hiyo hiyo.

Juzi dada kaposti kapaka keupe, katoto. Kana utepe wa pinki. Laiki zinaenda.

Saa moja kasoro dakika kumi, naenda kutafuta kipande cha ugali cha kufichia kidonge. Dada, ukisoma hii, utepe wa Tausi ninao, njoo uuchukue. Wengine povu ruksa hapo chini.